Namba Kumi na Tano

Mimi siandiki kitu nisichokijua. Hiyo ndiyo kanuni yangu tangu nishike brashi, na imeniletea heshima na balaa kwa kiasi kilekile. Nilipopewa bango la kinyozi, nilinyolewa kwanza mpaka kichwa kikang'aa, ndipo nikafungua kopo la rangi. Nilipopewa bango la daktari wa meno, nilikaa kwenye kile kiti chake na kupanua mdomo, ingawa sikuwa na jino bovu hata moja. Na nilipopewa bango la duka la majeneza, nilijilaza ndani ya moja la mbao nyekundu ili nijue mtu anajisikiaje humo. Usingizi ukanipitia. Mama mmoja aliyekuja kuchagua alinikuta nakoroma, akatoka mbio mpaka barabarani na kuacha kiatu kimoja mlangoni. Lakini bango lile, lenye herufi za dhahabu zilizotulia, mpaka leo halina mpinzani mtaani kwetu.

"Siku ukipewa bango la wakunga tutaonana," mke wangu hupenda kuniambia.

Mke wangu ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, mtu wa ratiba na foleni. Hana ugomvi na kanuni yangu, ugomvi wake ni na kalenda. Tangu mashine za kuchapa mabango ya plastiki ziingie mjini, kazi zangu zimekuwa za kuhesabu kwa vidole, na mwaka huu hata vidole vilibaki. Watu wanataka kitu kinachong'aa, kinachotoka kwa dakika kumi, chenye picha za watu wasiojulikana wakicheka bila sababu. Sasa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana ghala la matairi na alikuwa anatafuta karani wa stoo. Alisema nafasi ni yangu, nianze Jumatatu. Nikala kiapo mbele ya mke wangu: nina ukuta mmoja umebaki, ukuta wa mkahawa wa Kithai. Ukinishinda, nakunja brashi, nakwenda kuhesabu matairi.

"Sawa," alisema. "Ila Jumatatu ni Jumatatu."

Mkahawa wenyewe ukipita haraka hutauona. Umebanwa kati ya duka la betri za magari na kibanda cha fotokopi. Ndani kuna meza saba za plastiki, viti visivyo na mgongo, feni iliyopoteza panga moja ambayo huzunguka kwa kuchechemea, na karatasi za kujifutia zinazoning'inia kwenye waya juu ya kila meza. Maji unajichukulia mwenyewe kwenye friji. Hakuna muziki, hakuna kitambaa cha meza, hakuna wa kukuuliza umeamkaje. Kuna dirisha la jikoni, na nyuma yake kuna moto.

Mwenye moto huo anaitwa Dada. Jina lake halisi sijawahi kulisikia. Mdogo wake wa kiume humwita dada, na sisi wateja tukafuata, hata wale wanaomzidi umri. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya mtu wa kazi. Maneno ya lugha yetu anayoyajua si mengi, lakini kila alitumialo analimaanisha. Mdogo wake ndiye anayehudumia meza, na yeye lugha yetu anaiongea mpaka unasahau kwamba aliikuta ukubwani. Tunamwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Pale chakula kinaitwa kwa namba, si kwa jina, na Kengele akishapokea oda hupaza: "Mbili ziwe tatu, nne moja, sita bila karanga." Dada huitikia kwa kugonga mwiko kwenye karai.

Shida yao ilikuwa moja. Orodha ya hizo namba ilikuwa kwenye kipande cha kadibodi ambacho kilikuwa kimekula mafuta na moshi kwa miaka sita mpaka kikawa hakisomeki. Wateja wa zamani walizijua namba kwa kichwa. Wateja wapya, wale wa jengo jipya la ofisi ng'ambo ya barabara, walisimama mlangoni, wakaangaza macho, wakakosa cha kusoma, wakageuka. Kengele alitaka bango la plastiki lenye picha. Dada alitaka ukuta uandikwe kwa mkono, kwa lugha zote mbili, Kithai juu na yetu chini yake. Walibishana wiki nzima, kisha wakafikia mwafaka: nipewe mpaka Jumamosi adhuhuri. Kazi ikipendeza, imependeza. Isipopendeza, watu wa plastiki wanakuja Jumatatu.

"Una swali, Fundi?" Kengele aliniuliza siku tulipokubaliana. Ilikuwa Jumanne.

"Moja tu. Naanza kula saa ngapi?"

Alidhani namtania. Nikamweleza kanuni yangu, nikamsimulia habari za kinyozi na za jeneza, na nikamwambia kwamba mtu hawezi kuandika neno "chachu" kama ulimi wake haujakunjamana. Yeye akamtafsiria dada yake. Dada akanitazama kuanzia viatu vyangu vyenye madoa ya rangi mpaka kichwani, akacheka kwa pua, akasema neno moja.

"Kaa."

Nikampigia simu mke wangu aje, maana zahanati yao iko mitaa miwili tu kutoka pale na ulikuwa muda wake wa chakula. Alikuja kushuhudia mume wake anavyopoteza siku. Kengele akatuuliza tunataka pilipili kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano. Mke wangu akasema moja. Mimi, ambaye sijawahi kushindwa na chakula tangu nizaliwe, nikasema tano.

Namba moja ilikuwa saladi ya papai bichi, lililochanwa vipande vyembamba na kupondwapondwa kwenye kinu pamoja na ndimu, karanga na vitunguu saumu. Ilianza kwa adabu. Uchachu wa ndimu, utamu kidogo wa sukari, papai likikatika mdomoni kwa mlio. Nikamgeukia mke wangu nikamwambia, hii ndiyo tano yenyewe? Hapo pilipili ikaamka. Ilianzia kwenye ncha ya ulimi, ikapanda puani, ikaingia masikioni, nikawa nasikia feni inachechemea mbali kama iko nyumba ya jirani. Nilivuta karatasi kwenye waya, nikavuta nyingine, nikaishia kuvuta kama mita nzima. Dada akachungulia dirishani, akaniinulia vidole vitano, kisha akakunja vinne na kunyanyua nyusi. Nikatikisa kichwa. Tano ni tano. Na jambo la ajabu ni kwamba machozi yakinitiririka hivyo, mkono ulikuwa unarudi wenyewe kwenye sahani.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anakula kimya, na kimya hicho kilinitia shaka, kwa sababu mke wangu hula huku anaongea.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Usinisemeshe kwanza," alisema.

Basi hivyo ndivyo tulivyoanza. Namba mbili ilikuwa supu ya kamba yenye mchaichai, chachu na ya moto, ukiinusa tu mafua yanafunga virago. Namba tatu tambi za kukaanga zenye ukwaju. Namba nne nyama ya kusaga iliyokaangwa na majani ya mrehani, na yai juu yake lenye kingo zilizokauka. Kengele alitufundisha namna ya kula: kijiko mkono wa kulia, uma ni wa kusukumia tu na hauingii mdomoni, na vyakula vinakaa katikati ya meza, kila mtu anachota kijiko kimoja, anakimaliza, ndipo anachota tena.

"Usirundike, Fundi," aliniambia. "Hakikimbii."

Alitueleza pia vile vikopo vinne vilivyoko juu ya kila meza: sukari, pilipili ya unga, siki yenye vipande vya pilipili, na mchuzi wa samaki wenye chumvi. Kila mtu anarekebisha sahani yake mwenyewe na mpishi hakasiriki. Mke wangu aliposikia hivyo alifurahi mno, kwa sababu ni mtu wa kurekebisha.

Jumatano asubuhi niliamka, nikamkuta ameshavaa, anakunywa chai akiwa amesimama. Hakuuliza habari za matairi. Aliuliza, "Leo tunafika ngapi?" Nikasema tunafika nane. Baadaye niligundua kwamba wagonjwa waliofika mapokezi ikikaribia saa sita walipangiwa waje saa nane. Siku ya Alhamisi alipanda mwenyewe kutoka pilipili moja hadi tatu bila kusukumwa na mtu. Namba sita, mchuzi wa kijani wa kuku wenye tui na biringanya ndogo za mviringo, aliila mara mbili kwa siku moja, na ile ya pili akasema ananisaidia kukumbuka.

Mimi nilikuwa kama mtu aliyerudishiwa ujana. Nilitafuna huku nachora herufi kwenye karatasi za kujifutia. Kila chakula kilinipa mwandiko wake. Saladi ilitaka herufi nyembamba zenye ncha, za kukata. Tambi zilitaka herufi zilizoshikana mikono. Mchuzi wa kijani ulitaka herufi nene, za kukaa chini. Na herufi za Kithai zenyewe zilinimaliza kabisa. Siwezi kuzisoma, lakini zina vichwa vidogo vya mviringo kama vishikizo, na ukikosea upande wa kichwa umeandika kitu kingine. Dada alinipa karatasi aliyoandika kwa mkono wake, mistari yote imepangwa vizuri, na kila asubuhi alitoka jikoni kukagua. Aliweka kidole ukutani, akasema "hapa," nikarekebisha. Ilipofika Ijumaa jioni, namba kumi na tatu zilikuwa ukutani na kidole chake kilikuwa hakijapata pa kugusa tangu namba tisa.

Kengele aliupita ukuta huo mara nyingi huku amebeba sahani, akijifanya hauoni. Mara moja tu nilimkamata ameegemea friji, anautazama. "Si mbaya," alisema. "Ila plastiki inaoshwa kwa kitambaa." Nikamwambia na uso wake pia unaoshwa kwa kitambaa, akaenda zake anacheka.

Jumamosi nilifika mapema. Mke wangu alikuwa na siku ya mapumziko, kwa hiyo alikuja kunishikia ngazi. Kengele alikwenda sokoni kutafuta ndimu na majani. Dada alikuwa ameshafungulia lile feni kubwa la kutoa moshi ambalo likiunguruma husikii hata mawazo yako. Jumamosi ndiyo siku yao kubwa, kwa sababu wale Wathai wanaojenga daraja la juu ya reli hufanya kazi nusu siku, na saa sita wote kumi na mmoja huja kula.

Kufikia saa nne na nusu nilimaliza namba kumi na nne, wali wa kunata wenye embe, kwa herufi nyeupe za duara. Nikashuka kupumzisha mgongo. Ndipo nilipoiangalia tena karatasi ya Dada, nikaona kule chini kabisa, baada ya nafasi kidogo, kuna mstari mwingine. Ulikuwa mfupi, na haukuwa na namba.

"Huu hatujaula," alisema mke wangu akichungulia begani kwangu.

"Amesahau kuweka namba."

"Basi muulize."

Nilisogea dirishani, nikaita. Dada alikuwa amenipa mgongo, makarai mawili yanawaka, feni linaunguruma. Niliita tena. Nikatazama saa ya ukutani, nikatazama ile nafasi iliyobaki juu ya dirisha la jikoni, usawa wa macho, mahali ambapo kila anayeingia lazima apatazame. Mahali pazuri kuliko pote, na patupu.

"Si wewe unayesema huandiki usichokijua?" mke wangu akauliza.

"Kithai naandika sasa, ninakili tu. Chini yake naacha wazi. Tukishakila, najaza kwa lugha yetu."

"Mume wangu."

"Adhuhuri ni adhuhuri," nikamjibu, na kusema kweli niliona raha kumrudishia maneno yake.

Nikafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikuwa na rangi ya dhahabu iliyobaki toka lile duka la majeneza, nikaifungua. Nikaweka namba 15 kwa mkono wangu, kumsaidia Dada, kisha nikaufuata mstari wake kichwa kwa kichwa, mkia kwa mkia, bila kupumua. Niliposhuka, mke wangu alirudi nyuma hatua mbili, akatazama, akasema polepole, "Wewe mtu una mkono." Miaka ilikuwa imepita bila kusikia hivyo. Nilijua kabisa, bila shaka yoyote, kwamba nimeshinda.

Wajenzi wa daraja wakaingia kabla hata rangi haijakauka. Wa mbele alikuwa mwendesha winchi wao, mwanamume mwembamba wa miaka sitini na zaidi, ambaye hula huku amevaa kofia yake ya chuma na huwatania wenzake kuanzia anapoketi mpaka anapoondoka. Wakasimama katikati ya chumba, vichwa juu. Wakaanza kusoma kwa sauti, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Walipofika juu ya dirisha la jikoni, wakanyamaza. Kisha wakaangua kicheko, wote kumi na mmoja, mmoja akajishika tumbo, mwingine akatoa simu na kupiga picha. Nikadhani ni furaha. Nikainamisha kichwa kidogo, mkono kifuani, kupokea sifa zangu.

Wakati huo Kengele akaingia na gunia la ndimu begani. Akafuata macho yao. Gunia likashuka lenyewe, ndimu zikatawanyika chini ya meza.

"Nani kakwambia uandike hii?" aliniuliza.

"Iko kwenye karatasi. Si chakula?"

"Fundi, huo ni ujumbe. Dada aliniandikia mimi." Akapangusa uso kwa mikono miwili. "Imeandikwa, 'Samaki wa Mama, bado.'"

Akanieleza kwa haraka, huku wale watu wanaendelea kucheka. Mama yao alikuwa na samaki wake aliyempika kwa namna yake, na alifariki bila kumwandikia mtu namna hiyo. Tangu wahamie huku, kila Jumapili mkahawa ukiwa umefungwa, Dada hujaribu kumpika samaki yule kwa kukumbuka, wakala wawili tu. Waliwekeana ahadi kwamba hatauzwa kwa mteja mpaka Kengele aonje na kusema amefikia wa mama. Na kila Jumapili, miaka sita, Kengele alionja na kusema bado. Dada alipokuwa anaandika orodha yangu, ambayo Kengele ndiye angenitafsiria, alimwandikia mdogo wake chini kabisa, asije akamtaja samaki huyo kwa fundi. Na mimi nimemwandika kwa dhahabu, nikampa namba.

"Plastiki isingekosea," alisema Kengele. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Mashine inaandika ilichoambiwa."

Niliona matairi, safu kwa safu, mpaka darini. Sikuwa na wa kumlaumu. Kanuni niliitunga mwenyewe na kuivunja nimeivunja mwenyewe, tena siku ile ile niliyoihitaji. Mke wangu hakusema "nilikwambia," na kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Alinipa tu kitambaa na chupa ya tapentaini, maana rangi ilikuwa bado mbichi na ingefutika. Nikapanda ngazi.

Hapo ndipo Dada alipotoka jikoni, kuona kinachochekesha watu. Alisimama chini ya ngazi yangu, akasoma. Mwendesha winchi akamwambia jambo kwa lugha yao, na wenzake wakanyamaza kusikia jibu.

"Anasema nini?" mke wangu akamnong'oneza Kengele.

"Anauliza, bado mpaka lini. Anasema yeye ana miaka sitini na minne."

Dada akanitazama mimi, na kitambaa mkononi mwangu.

"Usiguse," alisema.

Akarudi jikoni. Samaki wa Jumapili walikuwa kwenye friji, watatu wakubwa. Tukasikia mafuta yanapokea samaki wa kwanza, kisha kinu kikaanza, kwa haraka kuliko siku zote, kwa sababu kuna watu kumi na mmoja wenye njaa wanaosubiri na hakuna muda wa kupima. Harufu ikatoka dirishani: vitunguu saumu, ukwaju, sukari inayoanza kuungua, mizizi ya giligilani. Watu wakaacha kutaniana. Nilishuka ngazi, nikaketi, kwa maana sikujua pengine pa kwenda.

Samaki walikuja wazima, ngozi imekauka na kupasuka, mchuzi mwekundu mzito umewafunika mpaka mkiani. Wajenzi wakachota kijiko kimoja kimoja. Mwendesha winchi akaonja, akasimamisha kijiko. Akavua kofia yake ya chuma, akaiweka sakafuni kando ya kiti, akaendelea kula bila neno hata moja. Kichwa chake kilikuwa na alama ya kofia kuzunguka paji lote la uso.

Dada akatoka na sahani ndogo, kipande cha shavu la samaki, akampa mdogo wake aliyekuwa bado ameinama anaokota ndimu. Kengele akala akiwa amechuchumaa. Dada akamngojea, mikono kiunoni.

"Bado?" akamuuliza.

Kengele hakuinua uso. Alijibu kwa lugha yetu, nadhani kwa sababu kwa lugha ya mama yao maneno yale yasingetoka.

"Alishafika, dada. Alifika mwaka wa pili."



"Na Jumapili zote?" akauliza Dada.

"Ningesema amefika, ungemweka kwenye orodha. Angekuwa namba, wa kila mtu." Akafuta pua kwa mkono wenye ndimu. "Niliogopa. Nilitaka abaki wetu wawili."

Dada akachukua taulo la jikoni lililokuwa begani kwake, akampiga nalo kichwani, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mkono ulishuka bila taulo na kubaki pale juu ya nywele zake. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuna pilipili iliyohusika. "Miaka minne," akawa anasema. "Miaka minne." Mke wangu akavuta karatasi kwenye waya, akampa, kisha akavuta na ya kwake.

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya brashi zangu kimyakimya wakati sahani ilipotua mbele yetu. Nusu ya samaki wa tatu, na vijiko viwili.

"Kula," Dada aliniambia. "Kisha andika."

Tukala. Nitasemaje? Nimeonja namba kumi na nne za mwanamke yule, na zote ni tamu. Hii ilikuwa na utamu, uchachu, chumvi na moto, vyote vimeingia kwa pamoja na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Mke wangu alifumba macho. Mimi nilisikia mikono yangu inawasha kutaka kazi.

Nikapanda ngazi na dhahabu yangu. Chini ya ule mstari wa Kithai nikaandika kwa lugha yetu, polepole, herufi za mtu aliyeshiba: Samaki wa Mama. Nikageuka.

"Na neno bado?" nikamuuliza Dada. "Nilifute kule juu?"

Wajenzi walikuwa wanagombania kichwa cha samaki, na mlangoni walikuwa wamesimama watu wawili wa jengo la ofisi, wenye vitambulisho shingoni. Hawakugeuka. Walikuwa wanasoma ukuta, kuanzia moja.

"Liache," alisema.

"Dada," alisema Kengele, akijipangusa magoti, "watu wa plastiki niliwaambia waje Jumatatu."

"Wasije."

"Lakini ukuta una kosa. Kila Mthai atakayeingia ataliona."

Dada akautazama ukuta wake wote, toka saladi ya papai mpaka dhahabu, akatikisa kichwa kukubali.

"Plastiki isingekosea," alisema.

Kisha akanionyesha kwa kidole mlango wa mbele, ambao kwa nje haujaandikwa chochote, akarudi kwenye moto wake. Mke wangu alikuwa ameshika ngazi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ametoa simu, ameshampigia kaka yake.

"Hapana, kaka," nilimsikia akisema. "Jumatatu haji. Ana kazi."